Kona ya Nyumbani

Mkufunzi wetu alikuwa na usemi wake mmoja aliourudia mpaka tukaanza kuuchukia: vifaa viko kwenu, msiniambie hakuna. Alikuwa mama mnene, mcheshi, aliyehamishiwa Garissa kutoka Kenya. Ndivyo tulivyosema sisi watu wa kaskazini mashariki miaka ile ya tisini, kutoka Kenya, utadhani sisi tulikuwa raia wa mwezini. Wakati wa likizo alitukusanya walimu wa chekechea tusio na cheti akatufundisha. Muhula ukifunguliwa, alizunguka shule kwa shule kututazama tukifanya kazi. Ukimlalamikia kwamba darasa lako ni kuta nne na vumbi, anakuuliza kama kwako hamna sufuria. Hamna vitambaa? Na vifuniko vya soda mnavitupa wapi?

Mimi nilikuwa mwanafunzi mtiifu, tena mwenye kiherehere. Aliposema wiki hiyo ni zamu yangu, nikaandika andalio la somo kwa mwandiko wangu wa sherehe. Mada: watu wa nyumbani. Lengo: mtoto aweze kuonyesha kwa mchezo kazi za kila mtu katika nyumba. Kisha nikaanza kuhamisha nyumba yangu kuipeleka shuleni. Nilichukua jamvi, birika lililotoboka, vikombe vya bati, pazia la mlango, na dhiil, kile kibuyu cha maziwa cha kusukwa, kidogo, alichonipa mama nilipoolewa. Nikavipanga kwenye pembe ya darasa, pazia nikalitundika kwa kamba, ikawa kona ya nyumbani kweli, ya kupendeza. Halafu nikaona nyumba haina baba. Nikarudi kukichukua kikoi cha mume wangu kilichokuwa kinaning'inia msumarini tangu aondoke. Sikufikiri mara mbili, na kikoi hicho ndicho kilichoniponza.

Mume wangu alikuwa mchuuzi. Alipanda malori ya Elwak, mji wa mpakani, akarudi na sukari, vitambaa, viatu vya plastiki, chochote kilichovuka mpaka kwa bei nafuu. Aliondoka kabla ya zile mvua za El Nino. Mvua ziliponyesha zikakata barabara, malori yakazama mpaka milangoni, na nusu ya wanawake wa bulla yetu, mtaa wetu, wakawa na wimbo mmoja: mume wangu amekwama njiani. Nami niliuimba. Ilikuwa raha, wallahi, kuwa na shida ya watu wote. Kisha barabara ikakauka. Malori yakaja kwa msafara, polisi mbele na polisi nyuma kwa sababu ya majambazi, na waume wa wenzangu wakashuka na ndevu ndefu na viatu vya tope. Wangu hakushuka.

Nilimfuata dereva mmoja niliyemjua. Alijishughulisha na gurudumu lake, hakunitazama. Alisema amemwona, mzima, amenenepa hata. Amefungua duka ng'ambo ya mpaka. Nikauliza yuko dukani na nani, dereva akasema yuko na watu wake, na alivyolisema hilo neno watu nikaelewa kwamba ni mke. Nikamshukuru, nikamwambia asiseme kitu, nikarudi nyumbani kupika.

Sasa mtu ataniuliza, kwa nini ufiche? Si wewe uliyekosa. Ni kweli. Lakini nilikuwa na kaka yangu mkubwa hapo Garissa, mfanyabiashara wa mbuzi, mtu wa maneno machache na hasira za karibu. Yeye hakumpenda mume huyo tangu mwanzo. Siku ya nikahi aliniambia mbele ya mama: siku huyu akikuacha, siku hiyo hiyo unapanda lori la Lafey kwa baba. Na Lafey ya wakati ule haikuwa na chekechea wala mkufunzi. Ningekaa kwa baba nikichota maji mpaka apatikane mzee wa kunioa mke wa pili. Mafunzo yangu yalikuwa yamefika nusu. Nilikuwa nimejaribu kazi moja tu maishani ikanikubali, na ilikuwa hiyo ya kukaa chini na watoto wa watu. Sikuwa tayari kuiacha kwa sababu ya mwanamume aliyenenepa ng'ambo.

Kwa hiyo, mdomoni mwangu, mume wangu akabaki Elwak. Taabu ilikuwa wifi yangu, mke wa huyo kaka. Alikuwa ndiye mpishi wa uji pale shuleni, watoto wote wakimwita Mama Uji, na nyumba yake ilikuwa kuvuka barabara tu kutoka kwangu. Kila wiki alikuja kuomba kitu: chumvi, kibiriti, sukari kidogo. Akishapewa hakuondoka. Alisimama mlangoni akauliza, baba wa mtoto yuko wapi? Nami nikajibu, yuko Elwak, mzigo umechelewa, Ijumaa atakuja. Ijumaa zikaja zikapita kama mbuzi wa watu, hakuna hata moja iliyoniletea mume. Wifi hakubisha. Alisema inshallah, akaenda zake na sukari yake, mimi nikibaki namsengenya moyoni kwa umbea.

Binti yangu alikuwa darasani mwangu mwenyewe, kwa kuwa hakukuwa na pengine pa kumpeleka. Alikuwa bado hajang'oka jino la utotoni, mwembamba, kimya, mwenye kuangalia sana. Shuleni hakuniita Hooyo, yaani mama, aliniita mwalimu kama wenzake, na mkufunzi hakujua kwamba ni wangu.

Siku ya kutazamwa ikafika. Nilivaa vizuri, nikajikaza kisabuni. Mkufunzi akakaa kwenye kigoda cha watoto, magoti karibu na kidevu, mkoba umeegemea ukuta. Tuliimba, tukahesabu vidole, tukataja watu wa nyumbani. Baadaye nikawaachilia watoto waende kwenye kona wapendazo, na hapo kazi yangu ikabadilika. Kanuni ya mkufunzi ilikuwa hii: mtoto akicheza, mwalimu haongei. Hamsahihishi, hamkatizi, hata akikosea. Anakaa karibu, anaangalia, anaandika alichokiona na kukisikia, si anachokifikiria.

Na kulikuwa na jambo moja zaidi. Watoto wetu walicheza kwa Kisomali, na chekechea ilitakiwa kufundisha kwa lugha ya nyumbani. Mkufunzi alijua salamu tu. Kwa hiyo alinivuta nikae kando yake, aninong'oneze kuuliza, nami nimnong'oneze tafsiri.

Binti yangu akaenda moja kwa moja kwenye kona ya nyumbani na wasichana wawili. Akakiona kikoi. Akakichukua, akakinusa. Akakikunja tu, akakiweka juu ya jamvi. Kisha akagawa kazi kama mkubwa. Mmoja aliambiwa awe mtoto. Wa pili, binti wa mwenye duka, aliambiwa: wewe ni Mama Uji, umekuja kuomba sukari.

Wifi yangu alikuwa mlangoni na mwiko mkononi, anangoja uji upoe. Aliposikia jina lake akacheka kidogo, akasogea ndani aone vizuri.

"Wanasema nini?" mkufunzi akauliza.

Nikamwambia, wanacheza jirani amekuja kuomba sukari. Akafurahi, akaandika.

Yule Mama Uji mdogo akapiga hodi na kikombe chake cha bati. Akapewa sukari ya mchanga. Binti yangu akamfundisha aendelee, asiondoke, aulize Aabo, yaani baba, yuko wapi. Akauliza. Na binti yangu akajibu huku akipangusa meza isiyokuwepo, bila kumtazama mgeni, kama nifanyavyo mimi. Yuko Elwak, mzigo umechelewa, Ijumaa atakuja. Nikamtafsiria mkufunzi kwamba baba amesafiri kikazi. Mpaka hapo sikuwa nimedanganya sana. Lakini mlangoni kicheko kilikuwa kimekwisha.

Mgeni akaondoka. Binti yangu akavuta pazia, lakini pazia lilikuwa fupi na sisi tulikuwa upande wa pembeni, tuliona kila kitu. Akaketi kwenye jamvi. Akachukua kile kikoi, akajifunika nacho uso, mabega yakaanza kutikisika. Hakutoa sauti hata kidogo. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, na kila mara aliinua kichwa kusikiliza kama kuna mtu nje. Mimi nilidhani nikilia vile mtoto amelala. Loo, jinsi nilivyojiamini. Mtihani mzima nilikuwa nimeandika kwamba mtoto hujifunza zaidi kwa yale ambayo hakufundishwa, nikapata alama nzuri, na kwangu mwenyewe nikadhani nina ukuta kumbe nina pazia.

Nilitaka kuinuka. Nilitaka kupiga makofi na kusema haya watoto, uji. Nilikuwa mwalimu, darasa langu, ningeweza. Lakini mkufunzi aliniwekea mkono gotini, akanizuia kwa upole, kwa maana ndiyo saa yenyewe aliyokuwa anaingoja.

Binti yangu akatoa kikoi usoni. Akanawa uso kwa birika lisilo na maji, akajifuta, akarekebisha mtandio. Kisha akamshika mkono yule msichana aliyekuwa mtoto, akamwinamia mpaka pua zikakaribiana, akasema kwa sauti ya chini yenye makali. Ilikuwa sauti yangu. Sikuwa nimewahi kuisikia kutoka nje mpaka siku ile.

"Ukimwambia mtu Aabo hayuko, mjomba atatupandisha lori la Lafey. Nami nitakuwa nimeharibikiwa kwa sababu yako. Umesikia? Kwa sababu yako wewe."

Yule msichana akatokwa machozi, ya kweli, akajaribu kujinasua.

"Anamwambia nini?" mkufunzi akauliza haraka.

Nikasema, anamwambia akanawe mikono.

Mkufunzi akageuka akanitazama. Hakuwa mjinga. Akamtazama mtoto anayelia, akainua macho mlangoni kwa wifi yangu. "Ni hivyo, mama? Kunawa mikono tu?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mimi na wifi yangu tulitazamana. Alikuwa amesikia maneno ya mtoto kwa lugha yake, akasikia na tafsiri yangu kwa Kiswahili, zote mbili, moja juu ya nyingine. Hakuna mtu mwingine mle ndani aliyejua nilichofanya ila yeye. Nikangoja anivue nguo mbele ya mgeni.

"Ndio, mwalimu," akasema kwa Kiswahili chake. "Mikono ya mtoto iko chafu."

Akageuka akaenda kwenye uji wake.

Watoto walipokwenda kunywa, mkufunzi akanikalisha chini kunipa maoni. Akasifu kila kitu. Kona yangu, alisema, ni bora kuliko zote alizoziona mjini, kwa sababu vitu ni vya nyumba ya kweli, na watoto hawakuigiza, waliishi. Angewaleta walimu wengine waje kujifunza kwangu. Nilikuwa nimeziota sifa hizo tangu nianze mafunzo, na sasa kila moja ilikuwa inanichubua. Kisha akashusha sauti. Alisema yule mtoto wa kikoi ana jambo. Hakuelewa lugha, lakini mtoto hajifundishi kulia kwa kujiziba mdomo, amemwona mtu. Akaniambia hiyo ndiyo faida ya kuchunguza, mwalimu akiona kitu kama hicho asikiache kwenye karatasi.

"Zungumza na mama yake," akasema.

Nikajibu, nitazungumza naye.

Nilipomsindikiza nikarudi, wifi alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga, amenipa mgongo. Nilizungukazunguka pale nikiokota vikombe vilivyokwisha okotwa. Ningefurahi angenitukana. Nilikuwa na majibu tayari, mimi huwa sikosi jibu, ningemwambia kama si umbea wake nisingelazimika kusema uongo. Lakini aliendelea kusugua tu. Alimaliza, akajipangusa mikono kwenye dera lake, akampa binti yangu ukoko wa uji kwenye kijiko, akavuka barabara kwenda kwake. Nikajua anakwenda kumwambia mumewe. Na sikuwa na haki hata ya kumkasirikia.

Nyumbani sikumgombeza mtoto. Hilo najishukuru, ingawa ukweli ni kwamba sikuthubutu kumwangalia. Alirudisha vitu vya kona, birika mahali pake, dhiil mahali pake. Kikoi akanipa mkononi, hakukitundika. Nikaketi nacho mapajani nikingoja.

Kaka alikuja baada ya swala ya alasiri, bado ana vumbi la soko la mbuzi. Alileta pakiti ya biskuti. Hakunisalimu kwa jina wala kwa walaal, yaani ndugu, alitoa salamu ya watu wote akaketi. Sikuwa nimewasha moto, sikuwa na chai ya kumpa, nikaomba radhi mara nyingi kuliko inavyohitajika. Alikataa kwa mkono. Alikuwa na haya kuniuliza, nadhani, mimi mtu mzima. Akamwita mtoto, akamweka kando yake, akamfungulia biskuti. Kisha akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Aabo yuko wapi?"

Mtoto akanitazama. Mimi nilikuwa mwalimu wa kuangalia watoto, na nikaona vizuri kilichopita usoni mwake. Hakuwa anatafuta ruhusa ya kusema kweli. Alikuwa anakusanya nguvu.

"Yuko Elwak, Abti," akamwambia mjomba wake. "Mzigo umechelewa. Ijumaa atakuja."

Alisema bila kigugumizi, biskuti mkononi, hajaiuma.  Kaka yangu akamshika kichwa, akamwambia amesema vizuri sana, sasa aende nje akacheze. Mtoto akatoka.

"Na wewe sasa," akaniambia. "Sema."

Nikasema. Nilisema yote, dereva, duka, mke, Ijumaa zangu, na nilivyomtisha mtoto kwa lori. Nilipofika hapo pa lori nikalia, safari hii kwa kelele. Kaka akaniuliza lori gani. Nikamkumbusha maneno yake ya siku ya nikahi. Alikunja uso, akajaribu kukumbuka, nikaona kwamba hayakumbuki. Au aliyakumbuka kama hasira tu ya siku moja, iliyopita na siku yake. Akasema hakuna anayenipeleka Lafey. Nimalize mafunzo yangu. Kesho tuhamie uani kwake, kuna chumba, na kuhusu huyo wa Elwak yeye na wazee watajua la kufanya. Aliongeza kwamba mkewe aliyajua tangu barabara ikauke. Dereva yule yule alimwambia. Alikuja kila wiki kuomba sukari asiyoihitaji, ili nipate mlango wa kulisemea.

Ningepaswa kufurahi. Jambo nililoliogopa halikuwako. Lakini niliona aibu kupita ile ya darasani, kwa sababu kama lori halikuwako, basi nilimbebesha mtoto mzigo wa bure. Nilikuwa nimemnyang'anya usingizi na mchezo kwa ajili ya safari ambayo hakuna aliyeipanga ila mimi. Nikajifunika mtandio usoni mbele ya kaka yangu nikashindwa kujizuia.

Hapo mtoto akarudi. Alikuwa amesikia kilio changu. Alisimama kati yetu, akanipa mgongo akamkabili mjomba wake, mikono ameifumbata nyuma kwa adabu ya wageni.

"Abti, Hooyo halii," akasema. "Alikuwa anakata vitunguu."

Katika chumba kile hapakuwa na kitunguu. Hapakuwa na kisu wala ubao, na jiko lilikuwa baridi pale pale mbele yetu sote. Kaka yangu akalitazama jiko, akanitazama mimi. Halafu akamwambia mtoto kwamba ni kweli, vitunguu vya siku hizi ni vikali mno.

Mtoto akashusha pumzi, akageuka kunitazama, aone kama amesema sawasawa.